Kitenzi Kimoja cha "Malaika"

Novemba 2008, waombolezaji walikusanyika katika ukumbi wa Dome, Northgate, eneo la Randburg kaskazini mwa Johannesburg, kumuaga Miriam Makeba, aliyekuwa amefariki nchini Italia mara baada ya kutumbuiza jukwaani. Kwa Waswahili, msiba ule ulikuwa na uzito wa pekee: sauti iliyoufikisha wimbo wa "Malaika" ulimwenguni haikuwa ya mzawa wa Kiswahili, bali ya binti wa Johannesburg.

Wimbo wenyewe ni wa Afrika Mashariki. Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960 akiwa na Jambo Boys. Adam Salim naye alidai kwamba aliutunga mwaka 1945, na mgogoro huo haujazimika. Kiini chake ni kilio cha kijana fukara: anapenda, anatamani kuoa, ila hana mali. Makeba aliuimba katika albamu ya 1965 aliyoshirikiana na Harry Belafonte, nayo ikatunukiwa Grammy mwaka uliofuata.

Wanaolinganisha matoleo haya husimama zaidi kwenye ala na mahadhi. Tofauti nzito zaidi imo katika sarufi. Mwanamke anayerithi bolero ya mwanamume katika Kihispania mara nyingi huweza kugeuza vimalizio vya vivumishi, na wimbo ukawa wake. Kiswahili hakimpi nafasi hiyo, kwa kuwa nafsi zake hazina jinsia: "mimi" ni yeyote, "wewe" ni yeyote, na malaika vilevile. Anayefichuliwa hufichuliwa na kitenzi. Kwa desturi ya lugha yetu, mwanamume huoa, mwanamke huolewa.

Makeba hakukigeuza kitenzi hicho. Yamkini alikipokea tu kama alivyokisikia. Hata hivyo, athari yake ni kubwa. Asiyejua Kiswahili husikia bembelezo tamu. Anayekijua humsikia mwanamke akiungama ufukara wa mwanamume, na hapo kilio kinaacha kuwa cha kijana mmoja. Katika maneno ya wimbo, binti anayependwa hapewi nafasi ya kusema lolote, ilhali naye amezuiwa na mali ileile. Sauti ya Makeba inamwingiza ndani ya wimbo bila kuongeza hata neno.

Jambo hili lina maana kwetu tunaokisoma na kukifundisha Kiswahili mbali na kwetu. Siku hizi "Malaika" huimbwa harusini, Nairobi hata ughaibuni, mbele ya bwana harusi aliyekwisha kuoa. Wageni huitikia kwa furaha, huku kitenzi kikibaki katika hali ya "-nge-", hali ya jambo lililotamaniwa lisitimie.