Una shida na ngano? Soma lebo ya kipodozi kabla ya kulipa

Kwa wakazi wa Handeni na Korogwe, kukwepa gluteni kwenye chakula si kazi ngumu sana. Ugali wa mahindi, wali, muhogo, ndizi na maharage havina. Shida ipo kwenye chapati, maandazi, mkate na tambi. Ila wengi husahau lipstiki.

Gluteni ni nini?
Ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, akiimeza, kinga ya mwili hushambulia utumbo wake mwembamba. Anaweza kuharisha, kukonda au kuishiwa damu. Aleji ya ngano ni kitu kingine: huleta vipele, uvimbe, hata kubanwa na pumzi.

Vipodozi gani vya kuangalia?
Kwa mwenye siliaki, anza na vinavyofika mdomoni: lipstiki, mafuta ya midomo, dawa ya meno na ya kusukutua. Losheni ya mikono nayo, kama unakula kwa mkono bila kunawa. Shampuu na losheni ya mwili hazina hatari kubwa kwake, kwa sababu gluteni haipenyi kirahisi kwenye ngozi nzima.

Mwenye aleji ya ngano asichukulie poa hata sabuni. Huko Japani, zaidi ya watu 2,000 walipata aleji ya ngano baada ya kunawa uso kwa sabuni moja yenye protini ya ngano iliyovunjwavunjwa. Baadhi yao walianza kudhurika hata wakila mkate.

Majina ya kutafuta kwenye lebo
- Triticum vulgare, au neno "wheat": ngano
- Hordeum vulgare, au "barley": shayiri
- Secale cereale, au "rye": rai
- Avena sativa, au "oat": haina gluteni ya ngano, ila mara nyingi huchanganyika nayo shambani au kiwandani

Vipi mafuta ya kupima?
Yakishahamishiwa kwenye kichupa kisicho na lebo, huwezi kujua yamechanganywa na nini. Omba kuona chombo chake cha mwanzo, au nunua yaliyofungwa kiwandani.

Alama ya TBS, shirika linalosimamia vipodozi nchini tangu 2019, ni ya ubora na usalama. Haimaanishi kipodozi hakina gluteni. Lebo lazima uisome.

Usiache ngano kabla ya kupima
Ukihisi dalili, nenda hospitali, iwe Magunga pale Korogwe au hospitali ya Handeni, na uombe ushauri kuhusu kipimo. Ukiacha ngano mapema, kipimo cha damu cha siliaki kinaweza kuonyesha huna tatizo wakati unalo.

Uso ukivimba au pumzi zikibana baada ya kupaka kitu, osha haraka na uwahi hospitali. Nenda na kopo lake.