Ziwa Lilikuwa Hapa

Mwaka wangu wa pili wa kufundisha jiografia Ujiji, niliwapeleka wanafunzi wa darasa la sita kwenye jiwe la kumbukumbu, pale kwenye miembe, mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone. Mtunzaji alitusimulia vizuri, watoto wakatulia. Kisha mmoja wao, mtoto wa mvuvi, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hao wazee walikuwa wanapanda mitumbwi hapa hapa. Mbona ziwa liko kule?"

Akaonyesha kidole upande wa magharibi, nyuma ya nyumba na mashamba. Sikuwa na jibu. Nikamwambia nitamjibu Jumatatu. Jumatatu ilifika, nikampa maneno ya kujikinga tu, na aibu ile ndiyo iliyonitoa darasani. Tangu siku hiyo nimezitembea njia zote za mji huu na za jirani yake Kigoma, nyingine mara mia, nikiutafuta ufukwe wa zamani.

Njia iliyo mama wa nyingine zote ni ile ya misafara. Ilianzia Bagamoyo, ikapanda Mpwapwa, ikakata Ugogo, ikapumzika Unyanyembe karibu na Tabora, kisha ikashuka kwetu: kama kilometa 1,200 za miguu. Walioitengeneza ni mapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi begani au kichwani, wakimfuata kirangozi mwenye bendera. Kabla ya kufika huku walivuka mto Malagarasi kwa mitumbwi ya wenyeji na kulipa hongo, yaani ushuru wa kupita, wakapita Uvinza penye visima vya maji ya chumvi. Chumvi hiyo ilikuwa ikichemshwa zaidi ya miaka elfu moja kabla mfanyabiashara yeyote wa pwani hajaionja. Kwa hiyo msafara wa pwani haukufyeka pori jipya. Uliingia kwenye vijia vya watu waliokuwa wakifuata chumvi tangu zamani, na nikimsikia mtu akisema njia hii "ilifunguliwa" na wageni namsahihisha papo hapo.

Wapelelezi Burton na Speke walifika Februari 1858, wakiwa wagonjwa, wakiongozwa na watu waliojua wanakokwenda, akiwemo Sidi Mubarak Bombay. Stanley alifika Novemba 1871. Kwa hesabu yake mwenyewe ilikuwa siku ya 236 tangu atoke Bagamoyo, na siku za mwisho alipita Uha usiku usiku, kwa kunyatia, ili akwepe hongo. Aliyemkimbilia njiani kumpokea ni Susi, mtumishi wa Livingstone. Mzee Livingstone na mwandishi Stanley wakapanda mtumbwi mwezi huo huo kwenda kaskazini kuutazama mto Rusizi, wakakuta unaingia ziwani, hautoki. Walipandia hapa mjini. Mtoto yule alikuwa na haki ya kuuliza.

Mji wenyewe siku hizo ulikuwa na sehemu mbili kubwa, Ugoi na Kawele, na soko lililokuwa karibu na maji. Watu walinunua kwa shanga za sofi. Paliuzwa chumvi, samaki, mawese, mbuzi, pembe za ndovu, na watu. Hili la mwisho sitalipita haraka. Bibi mzaa babu yangu alivushwa ziwa akiwa msichana, kutoka Manyema, katika mtumbwi mmoja na pembe. Hakuchagua kuja Ujiji. Alizaa hapa, akazikwa hapa, na kizazi chake ni nusu ya mtaa ninaoishi. Wageni wakija kupiga picha kwenye jiwe huwa nawaomba wageuke watazame pia upande wa ziwa, kwa sababu mlango wa watu wale ulikuwa huko, na hauna jiwe.

Sasa ziwa. Tanganyika lina urefu wa kilometa zaidi ya 670 na kina cha kama mita 1,470, lakini mlango wake wa kutolea maji ni mmoja tu, mto Lukuga, upande wa Kongo karibu na Kalemie. Maji mengi hayatoki kwa mto kabisa. Yanapanda kwa mvuke wa jua. Mvua ikizidi jua kwa miaka kadhaa, na Lukuga ukiwa umeziba, ziwa linajaa kama sufuria. Ndivyo ilivyokuwa. Mpelelezi Cameron aliufikia Lukuga mwaka 1874 akaukuta umesongwa na majani. Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876, ziwa lilikuwa limeumega mji: sehemu alizozikanyaga miaka mitano nyuma zilikuwa ndani ya maji. Likaendelea kupanda. Karibu na mwaka 1878 kizibo cha Lukuga kikapasuka, maji yakaanza kukimbilia mto Kongo, na mpelelezi mwingine, Joseph Thomson, alipofika huko muda mfupi baadaye akaukuta mto wenye nguvu. Katika miaka kumi na tano hivi ziwa likashuka karibu mita kumi.

Mita kumi kwenda chini, penye mwinuko mkali kama wa Gombe, kaskazini yetu, ni hatua chache tu za ufukwe. Ujiji ardhi yake inalala, haisimami. Hapo mita kumi ni mashamba mazima, ni mitaa. Wazee wa Ugoi wakajikuta wanaamka kila mwaka maji yakiwa mbali zaidi kidogo, na mtumbwi uliokuwa unafungwa karibu na baraza sasa unahitaji vijana wanne kuuburuta.

Nililiona jambo hili kwa macho yangu siku moja nikishuka kutoka kwenye jiwe kuelekea ziwani. Fundi alikuwa anachimba shimo la choo. Udongo wa juu ulikuwa mwekundu wa kawaida, lakini chini ya kimo cha mtu alikuwa anatoa mchanga safi wa ufukweni, na ndani yake makombe ya konokono wa ziwani, yale magumu. Nilimwomba makombe mawili. Kesho yake niliyaweka juu ya meza darasani. Yule mtoto alikuwa ameshahamia darasa la saba. Nilimwita aje ayashike.

Njia ya pili ninayoipenda inatoka Ujiji hadi Kigoma kupitia Mwanga, kama kilometa nane. Siku hizi watu wanaipita kwa daladala au bodaboda, ni haki yao, jua ni kali. Mimi nashauri uitembee asubuhi mapema walau mara moja, kwa sababu ni njia ya mji uliompokonya mji mwenzake nafasi. Ujiji ilikuwa na jina, watu, soko na misikiti. Haikuwa na bandari. Ufukwe wake uko wazi kwa upepo, na maji yaliporudi nyuma yaliacha kina kifupi. Kigoma ilikuwa kijiji cha wavuvi chenye ghuba ya kina, iliyokingwa na vilima. Wajerumani walipoleta reli kutoka Dar es Salaam waliipitisha juu ya njia ile ile ya misafara kwa sehemu kubwa, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikaishia kwenye ghuba. Mwaka uliofuata wakashusha majini meli iliyoletwa vipande vipande kutoka Papenburg, ile ile tunayoiita Liemba, na kazi ya pagazi kwenye njia hii ikapungua. Stesheni bado imesimama, nyeupe, inatazama maji. Ni jengo zuri. Lakini ukisimama kwenye ngazi zake ujue kwamba lilichagua mahali pake pia kwa sababu ya ziwa lililoshuka.

Ukitoka stesheni kuna vijia viwili vya ufukweni. Cha kusini kinakwenda Katonga, mama yangu alikokuwa akinunua dagaa. Usiku wa giza wavuvi hutoka na taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa ni za sola. Alfajiri dagaa wanamwagwa kuanikwa, na mbalamwezi ikija watu wanapumzika na kushona nyavu. Cha kaskazini kinakwenda Kibirizi, zinakofungwa boti za Gombe na vijiji vya mwambao. Gombe iko kama kilometa 16 kutoka mjini. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alishuka pale tarehe 14 Julai 1960, na mwaka 1968 ikawa hifadhi ya taifa. Wageni wote wanapanda bonde la Kakombe kutazama maporomoko na sokwe. Wapande, ni safari isiyosahaulika. Ila wakishuka watembee pia ufukweni, kwenye kokoto, njia ambayo wavuvi waliitumia kabla ya hifadhi kuwa hifadhi.

Vijia hivi viwili vya ufukweni ndivyo vinavyoninyima usingizi sasa. Tangu mwaka 2020 hivi maji yamekuwa yakipanda tena. Kibirizi na Katonga yameingia kwenye nyumba, kwenye vichanja vya dagaa, kwenye vibanda vya wachuuzi. Bujumbura, Uvira na Kalemie wamelia kilio hicho hicho. Nimesikia watu wazima, wenye elimu, wakisema haijawahi kutokea. Imetokea. Wazee wetu waliyaona maji yakipanda juu kuliko haya, na soko lao likamezwa. Tatizo letu ni kwamba wajukuu walikuja kujenga kwenye ardhi iliyoachwa, wakaizoea, wakapewa viwanja, na hakuna aliyewaambia kuwa pale palikuwa ndani ya ziwa.

Mwaka 2024 nilikwenda Kibirizi kumpa pole mama mmoja muuza dagaa, aliyekuwa akimuuzia mama yangu zamani. Maji yalikuwa yamefika kwenye kizingiti chake.

"Shikamoo, mwalimu. Sasa hili ziwa linataka nini kwetu?"

"Marahaba, mama. Halitaki kitu. Linarudi lilikokuwa."

"Si ungetwambia kabla hatujajenga?"

Nilikosa la kusema, kwa mara ya pili maishani mwangu mbele ya swali la ziwa.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa wanaopima viwanja na wanaopanga utalii wa mji huu. Tusimike nguzo za zege kando ya njia inayotoka kwenye jiwe la Ujiji kushuka ziwani: moja penye ufukwe wa siku za Livingstone, moja juu zaidi, maji yalipofika kabla Lukuga haujapasuka, moja chini, yalipotulia reli ilipokuja. Tufanye hivyo hivyo Katonga na Kibirizi. Mgeni atakuwa na njia ya kutembea yenye kitu cha kusoma, na mwenyeji anayetafuta kiwanja ataona kwa macho yake kabla ya kumwaga msingi. Wapimaji wenye vifaa wapo, simiti ipo. Mimi mguu mmoja unaniuma, lakini njia naijua, na nitakuja asubuhi yoyote nitakayoitwa.