Mchambuzi wa tabia

Mchambuzi wa tabia ni mtaalamu anayechunguza yanayotangulia na yanayofuata tabia ya mtu, ili kujenga stadi mpya na kupunguza tabia zenye madhara. Wengi huhudumia watoto wenye usonji, yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na uhusiano na watu.

Misingi ya taaluma hii ilitokana na kazi za B. F. Skinner wa Marekani, naye Ivar Lovaas akaitumia kwa watoto wenye usonji na kuchapisha utafiti mashuhuri mwaka 1987. Stadi kama kunawa mikono hugawanywa katika hatua ndogo, na kila hatua inayofaulu hufuatiwa na uimarishaji, yaani jambo analolipenda mtoto, linaloifanya tabia ijirudie. Adhabu zilizotumiwa zamani zimekosolewa vikali, hasa na watu wazima wenye usonji.

Bodi ya Marekani inayowathibitisha wachambuzi wa tabia, iliyoanzishwa mwaka 1998, hudai shahada ya uzamili, mazoezi yanayosimamiwa na mtihani, lakini tangu 2023 haipokei waombaji wapya kutoka nchi nyingi, Tanzania ikiwamo. Nchini Tanzania, kazi iliyo karibu zaidi na ya mchambuzi wa tabia hufanywa na walimu wa elimu maalumu, ambao baadhi yao huandaliwa katika Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha. Huduma za kibingwa nazo zaweza kuwa mbali: kwa familia inayoishi Kolo, wilayani Kondoa, kwa mfano, hospitali ya kibingwa ya afya ya akili ni Mirembe, iliyoko jijini Dodoma. Kwa hiyo mwalimu na mzazi wanaofundishwa mbinu za uchambuzi wa tabia ndio nguzo ya malezi ya kila siku.