Majani ya rangi yanavyopamba nyumba za Sumbawanga kiangazi

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

MKAZI wa Sumbawanga anayetaka bustani yenye rangi mwaka mzima hana budi kuyatazama majani kabla ya maua.

Mji huu uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, katika uwanda wa Ufipa ulio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Mvua huanza Novemba na kuisha Aprili. Baada ya hapo hufuata miezi ya ukavu, huku Juni na Julai zikileta baridi na upepo unaokausha kila kitu. Maua mengi ya msimu hunyauka wakati huo, na uani hubaki vumbi.

Ipo mimea ya kudumu ambayo majani yake ni marefu, membamba na yaliyosimama kama panga, mfano wa ua la irisi. Huishi miaka mingi pasipo kupandwa upya, na baadhi yake ina michirizi ya njano, nyeupe, zambarau au rangi ya shaba.

Unaoelekea kuifaa zaidi hali ya hewa ya Ufipa ni formiamu, ambao huitwa pia kitani cha New Zealand, ingawa hauna udugu wa karibu na kitani wala mkonge. Kwao huota kwenye vinamasi na kando ya bahari, hivyo baridi ya kawaida na upepo haviusumbui. Aina kubwa huweza kuwa na majani yanayokaribia urefu wa mita tatu. Kwa kiwanja cha mjini ni heri kutafuta aina fupi.

Dietesi ni mwenyeji wetu Afrika, kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini. Majani yake ni ya kijani kibichi daima, na maua yake meupe yana doa la njano na zambarau. Kikonyo chake kisikatwe ua linaponyauka, maana hicho hicho huchanua tena.

Sansevieria, wenye pindo la njano, hustahimili kiu kuliko yote, lakini haupendi baridi kali. Uwekwe barazani au ndani. Ndugu yake ni masale, ambayo Wachagga huyatumia kuweka mipaka ya vihamba na kuombea msamaha. Wataalamu wa mimea sasa wameiingiza sansevieria katika jenasi moja na masale, yaani Dracaena.

Hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha. Mtu huomba jani moja la sansevieria lenye pindo la njano, hulikata vipande, huvichomeka mchangani, na baada ya miezi kadhaa hupata miche ya kijani kitupu. Hajarogwa wala hajadanganywa. Rangi ya njano imo katika tabaka la seli za ukingoni tu, ilhali chipukizi jipya hutokana na seli za ndani zilizo za kijani.

Njia inayohifadhi rangi ni kugawa kichaka. Shina zima huchimbuliwa, hukatwa kwa kisu kikali mahali machipukizi yanapoachana, na kila fungu hubaki na mizizi yake. Formiamu nao ni vivyo hivyo: mbegu zake hutoa miche isiyofanana na mama. Hata kichaka kilichogawanywa vizuri huweza kutoa chipukizi la kijani tupu, nalo ling'olewe mapema, kwa kuwa lina nguvu na litayameza yale ya rangi.

Kwa hiyo chanzo bora cha mche ni kichaka cha jirani kilichokwisha kujaa. Wapo wanaoona ni rahisi zaidi kwenda kuchimba nyikani, na jambo hilo lina madhara.

Nyasi za nyanda za juu zina gladiolasi wa asili mwenye maua mekundu na ya rangi ya chungwa, ambaye ni miongoni mwa wazazi wa aina nyingi za gladiolasi ziuzwazo duniani. Zina pia orkidi za ardhini, ambazo viazi vyake huliwa Zambia katika chakula kiitwacho chikanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Oryx ulikadiria kuwa viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikivushwa kila mwaka kutoka Tanzania kwenda Zambia. Mwaka 2005 Kitulo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, ikisifika kwa maua yake. Ufipa, inayopakana na Zambia, haina hifadhi ya namna hiyo kwa nyasi zake.

Kiazi kikichimbwa, mmea huo umekwisha. Biashara ya kimataifa ya orkidi zote inasimamiwa na mkataba wa CITES, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kwa anayechukua mazao ndani ya misitu ya hifadhi kama Mbizi. Anayempenda gladiolasi wa asili achukue mbegu chache zilizokomaa, aziache nyingine zianguke, na awe na subira ya misimu kadhaa.

Wakati mzuri wa kugawa na kupanda ni mvua za kwanza, Novemba au Desemba. Shimo lichanganywe na samadi iliyooza vizuri, na majani ya formiamu yapunguzwe hadi nusu ili mmea usikauke kabla ya kushika. Ifikapo Mei, shina litandazwe nyasi kavu. Ndoo moja ya maji kwa wiki, ikimwagwa jioni polepole kwenye shina, huufaa mche mchanga kuliko kuunyunyizia kidogo kidogo kila siku. Sansevieria ya barazani imwagiliwe udongo ukishakauka kabisa tu, na iwe mbali na watoto wadogo na mbwa, kwani majani yake yakitafunwa husababisha kutapika.