Rushwa ya ngono katika filamu za Tanzania

Rushwa ya ngono katika filamu za Tanzania ni kitendo cha mtayarishaji, mwongozaji au mtu mwingine mwenye uwezo wa kutoa kazi kumtaka mwigizaji kingono, hasa mwigizaji wa kike, kama sharti la kumpa nafasi ya kuigiza au kumlipa ujira wake. Waigizaji wamelilalamikia jambo hilo mara nyingi katika vyombo vya habari, hasa kuhusu filamu za Dar es Salaam zijulikanazo kama Bongo Movie.

== Mfumo wa kazi ==
Filamu za video zilianza kuenea Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mojawapo ya zile za mwanzo zilizopata umaarufu ni ''Girlfriend'' (2003), iliyoongozwa na George Tyson. Baadhi ya waigizaji walitoka katika vikundi vya sanaa, kama vile Kaole, vilivyoonekana kwenye televisheni.

Filamu nyingi zilipigwa kwa bajeti ndogo na kwa siku chache, katika nyumba za watu za Kinondoni, Temeke na maeneo ya jirani. Msambazaji, mara nyingi mwenye duka Kariakoo, aliinunua filamu pamoja na haki zake kwa malipo ya mara moja. Fedha hizo zilipokewa na mtayarishaji, naye mwigizaji akasubiri fungu lake kutoka kwake. Tena mtu mmoja aliweza kuwa mtunzi, mwongozaji, mtayarishaji na stelingi. Kwa hiyo chipukizi aliyemkatalia mtu huyo hakuwa na mwingine wa kumwendea katika kazi hiyo.

== Namna inavyotokea ==
* Usaili hufanyika faraghani, nyumbani au hotelini, badala ya mahali pa wazi.
* Mwigizaji huahidiwa nafasi kubwa, kisha hupunguziwa sehemu au huachwa anapokataa.
* Malipo huchelewa bila sababu, na makubaliano huwa ya mdomo tu.

Anayepata nafasi kwa uwezo wake naye huathirika, kwa kuwa watu humshuku kwamba alipewa kwa njia hiyo.

== Sheria ==
Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinasema ni kosa kwa mtu mwenye mamlaka kudai upendeleo wa kingono ili atoe ajira, cheo, haki au fursa. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza kosa la udhalilishaji wa kijinsia katika Kanuni ya Adhabu. Malalamiko ya rushwa hupokewa na TAKUKURU, ambayo namba yake ya simu bila malipo ni 113.

Mwaka 2024 lilitolewa pendekezo la kumtia hatiani pia anayetoa ngono. Watetezi wa haki za wanawake walilipinga wakisema lingewaogopesha waathirika wasitoe taarifa.

== Ugumu wa ushahidi ==
Kesi zilizojulikana zaidi kuhusu kosa hili zinahusu wahadhiri wa vyuo. Mwanafunzi ana usajili, mtihani na alama zilizoandikwa, hivyo mamlaka ya mhadhiri juu yake huonekana wazi. Katika filamu, mara nyingi hakuna tangazo la nafasi wala mkataba, na mtuhumiwa anaweza kudai kwamba hakukuwa na kazi yoyote aliyoahidi. Mkataba wa maandishi na usaili wa wazi, mbele ya watu zaidi ya mmoja, humlinda mwigizaji na pia humpa ushahidi.

== Nchi nyingine ==
Tatizo hili haliko Tanzania pekee. Nchini India, serikali ya jimbo la Kerala iliunda Kamati ya Hema mwaka 2017, baada ya mwigizaji mmoja kutekwa na kushambuliwa kingono. Ripoti yake ilikabidhiwa mwaka 2019 lakini ikatolewa hadharani Agosti 2024 tu. Ilieleza madai ya ngono kama sharti la kazi, ukosefu wa mikataba, na hata ukosefu wa vyoo vya wanawake mahali pa kupigia picha.

== Tazama pia ==
* Bongo Movie
* Bodi ya Filamu Tanzania
* TAKUKURU