Sukari Ilipofika Kitengela

Hapa Kitengela mimi hulea watoto wa akina mama wanaofanya kazi viwandani. Akiletwa mtoto mgeni, humwinua mdomo wa juu kwa kidole nikatazama meno ya mbele. Nikiona mstari mweupe kando ya ufizi, najua analala na chupa. Baadaye mstari huo hugeuka kahawia, kisha jino linameguka. Ya chini huponea, maana ulimi huyafunika na mate huyaosha.

Wamaasai wa zamani wa hapa hawakusumbuliwa hivi. Mwaka 1931 watafiti Orr na Gilks walichapisha uchunguzi uliowalinganisha na Wakikuyu: meno mabovu yalikuwa machache zaidi kwa Wamaasai, ambao chakula chao kilikuwa maziwa, nyama na damu. Mtoto alinyonya, akaongezewa maziwa ya kibuyu. Wakubwa walitafuna mswaki wa mti. Sukari haikuwamo.

Tusisifu kila la kale, lakini. Mtoto akiharisha au kupata homa, lawama iliangukia ufizi uliovimba, na chonge lake changa likafukuliwa kwa ncha ya kisu. Kuhara hakukukoma, na jino la ukubwani lililokuwa likijengeka chini yake liliweza kuharibika.

Kisha mji ukaja. Ranchi ya kikundi ya Kitengela, ardhi ya malisho ya pamoja, iligawanywa mwaka 1988, na vipande vikaanza kuuzwa. Mwaka 1990 ikaundwa mamlaka ya EPZ, yaani maeneo ya viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje, na viwanda vya nguo vikasimama Athi River. Wasichana kutoka kila pembe ya Kenya walipanga vyumba kwetu, wakajifungua, wakarudi kazini. Mtoto akaachiwa chupa ya chai ya maziwa yenye sukari. Akilala nayo, mate yanapungua, sukari inabaki menoni, na bakteria wanaigeuza asidi.

Wengine husingizia maji. Kweli, visima vingi vya Kajiado, kaunti yetu, vina floridi nyingi, nayo hutia meno ukahawia. Lakini ukahawia huo si kuoza.

Wazazi wenzangu, msimlaze mtoto na chupa. Jino la kwanza likichomoza, lisugueni asubuhi na usiku kwa dawa ya floridi isiyozidi punje ya mchele. Kwa maji yetu haya, msizidishe. Na kabla hajatimiza mwaka, mpelekeni kwa daktari wa meno, hata kama halii.