Amana ya Muda ya Siri za Kuingilia

Kijana atungaye programu ya hesabu za duka ghorofani katika mtaa wa Aggrey, Kariakoo, akitumia Git, chombo cha kudhibiti matoleo alichokiasisi Linus Torvalds mwaka 2005, hudaiwa jina na siri yake kila apelekapo kazi kwenye seva kwa njia ya HTTPS. Na akiisha kuyaandika hayo mara tano kabla ya adhuhuri, hutafuta takhfifu. Takhfifu hiyo imo ndani ya Git tangu toleo la 1.7.9 la mwaka 2012, nayo ina namna mbili, ambazo vijana huzijumuisha kwa kauli moja ya "kusevu paswedi", na hapo ndipo hatari ilipojificha.

Namna ya kwanza, ambayo amri yake ni store, huiandika siri katika faili iitwayo .git-credentials, kwa maandishi ya wazi yasiyo na fumbo lolote, ikabaki humo hata kompyuta izimwe. Hiyo ndiyo hifadhi, na iitwe hivyo. Ya pili, cache, itumikayo kwenye Linux na Mac, haiandiki neno diskini: huiweka siri katika kumbukumbu ya mashine kwa sekunde 900, yaani robo saa, ila mwenyewe akiamuru vinginevyo, kisha huifuta.

Hii ya pili naiita amana ya muda. Mfanyabiashara wa pwani aliyeteremka forodhani kupokea shehena alimwachia jirani mwaminifu fedha zake, si azihodhi, bali amrudishie akizihitaji. "Kache" imezoeleka kwa mafundi, wala siikatai, lakini haimwambii mwanafunzi kwamba jambo hili lina kikomo chake.

Tena nasema "siri za kuingilia", si "nywila", kwa sababu tangu tarehe 13 Agosti 2021 GitHub, tovuti ya kuhifadhia kazi za Git, haipokei nywila ya akaunti katika kazi hizo. Hutaka tokeni, yaani msimbo maalumu utumikao badala ya nywila, nayo ikiibwa huweza kumdhuru mwenyewe vilevile.

Basi wewe utumiaye kompyuta ya kushirikiana na wengine, iwe ya ofisini au ya maabara ya chuo kama DIT pale Barabara ya Morogoro, usitumie store kabisa. Tumia cache, na kabla hujainuka kitini andika git credential-cache exit, amana ifutwe papo hapo.